Pafu Lililobakizwa

Mimi ndiye mwanaume pekee wa Buswelu, hapa Mwanza, aliyewahi kulelewa kama mzazi. Nasema mzazi kwa maana ile ya kinamama wanapoulizana mlangoni, "Mzazi hajambo?" Yaani mwanamke aliyejifungua juzi, anayenyweshwa uji wa pilipili manga, anayekandwa maji ya moto na kufungwa tumbo. Mimi sikujifungua. Nilipasuliwa kifua. Mama yangu hakuona tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili, na habari yangu yote iko hapo.

Naiandika kwa sababu kuisema kunanichosha. Nikitamka maneno matano inabidi nitulie kama mtu aliyepandisha gunia la mpunga mlimani. Kuandika hakuli pumzi. Na hasira ninayo, tusidanganyane, ila hasira ya mtu asiye na pumzi haina faida. Huwezi hata kumfokea kuku aliyeingia jikoni.

Naitwa Chenge. Nilikuwa fundi rangi kwenye gereji ya Pankaj, kule Mabatini. Gari likigongwa wenzangu wananyoosha bodi, mimi napuliza rangi. Miaka na miaka nimevuta tina ya kuzimulia rangi na vumbi la msasa, kitambaa cha pua nimekining'iniza shingoni kama tai ya harusi. Kabla ya hapo, nikiwa kijana, nilichimba dhahabu kwenye mashimo ya upande wa Geita, nikatoka na TB badala ya dhahabu. TB ilipona. Pafu la kushoto halikupona, lilisinyaa na kukauka kama andazi la juzi. Nikaendelea kuishi kwa pafu la kulia bila hata kujua, maana mtu huhesabu ng'ombe, hahesabu mapafu.

Kikohozi kiliporudi kila mtu alisema TB imerudi. Nikameza dawa za TB mpaka mkojo ukawa rangi ya Fanta. Siku moja nikakohoa damu juu ya mlango wa Noah ya mteja, nyeupe, niliyokuwa nimetoka kuimaliza. Pankaj ni mtu wa kufoka kwa doa dogo kuliko punje ya ulezi. Siku hiyo hakusema lolote kuhusu ule mlango. Alinipakia mwenyewe kwenye gari lake akanipeleka hospitali. Hapo ndipo nilipoogopa.

Ikawa saratani. Nikaandikiwa rufaa kwenda Dar.

Daktari aliyenipasua anaitwa Odeta, mama mwembamba wa Kihaya asiyetabasamu bila sababu. Alituweka mbele ya meza yake, mimi na mke wangu Hellen, akasema, "Chenge, wewe ni fundi, basi tuongee kifundi. Pafu lako la kushoto ni jina tu. La kulia ndilo linalokuweka mjini. Uvimbe umekaa mdomoni mwa tawi la juu la hilohilo la kulia. Njia rahisi ni kung'oa pafu zima. Nikiling'oa, hutavuka mlango wa chumba hiki."

Hellen akanishika mkono. Hellen anauza dagaa sokoni Mwaloni, anafanya kazi na wanaume wanaotukana tangu alfajiri, na si mtu wa kushikana mikono mbele za watu.

"Kwa hiyo sitaling'oa," daktari akaendelea. "Nitatoa ile sehemu ya juu, pamoja na kipande cha bomba la hewa chenye ugonjwa. Kisha nitaunga bomba lenyewe kwa lenyewe, ili sehemu zilizobaki ziendelee kupumua. Tunaliokoa pafu."

"Na maungio yanashika?" nikauliza. Nilikuwa nimeshaona mabomba mengi.

"Mara nyingi yanashika. Wengi wanarudi kwao, wanatembea, wanafanya kazi zao. Wachache maungio yanaleta shida. Hao wachache, wakiwa na pafu la upande wa pili, tunaweza kurudi tukang'oa lililoharibika na wakaishi. Wewe huna la upande wa pili. Sasa nisikilize. Utakohoa. Utaumia sana ukikohoa, na utakohoa tu. Makohozi yakilala juu ya mshono yanachacha, mshono unaoza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Mama, na wewe umenielewa?"

"Nimeelewa, daktari," Hellen akasema. "Atakohoa. Akigoma nitamtia mbavuni."

Hapo ndipo Daktari Odeta alipotabasamu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Naliandika hili waziwazi kwa sababu watu wa mtaani wanapenda kusema eti wamenichinja Dar. Hawakunichinja. Niliamka nikiwa na bomba la plastiki linatoka ubavuni na maumivu ambayo sijui nimpe nani ayabebe, lakini hewa ilikuwa inaingia. Nilikuwa naisikia ikiingia. Palikuwa na mtaalamu wa mazoezi, binti mpole mwenye roho ya askari jela, aliyenifundisha kukumbatia mto kifuani, kuubana ubavu, halafu kukohoa kwa nguvu. Akanipa na kidude cha plastiki chenye vigololi vitatu ndani, ukivuta pumzi vigololi vinapanda. Kigololi cha tatu kilipopanda kwa mara ya kwanza, wodi nzima ilipiga makofi.

Majibu ya maabara yakaja baadaye. Kingo safi. Yaani pale walipokata hapakuwa na saratani iliyobaki, na tezi za jirani hazikuwa na kitu. Hellen alitoka nje ya chumba akaenda kulia ukutani, na mimi nikamsikia, nikacheka, na kucheka kukaniuma mpaka machozi yakanitoka mimi pia. Siku ile tulikuwa watu wenye bahati kuliko wote Tanzania.

Tulirudi Mwanza nikiwa natembea kwa miguu yangu. Buswelu upepo wa ziwa haufiki vizuri, lakini nilikaa barazani nikavuta hewa kama mtu anayekula pilau. Hellen alinisimamia kama mwalimu wa zamu. Kohoa. Vuta vigololi. Tembea mpaka kwenye lile jiwe kubwa, rudi, kohoa tena. Niliumia, nikamtukana kimoyomoyo, nikakohoa. Likawa linatoka kohozi zito la rangi ya kutu, na kila likitoka kifua kinakuwa chepesi.

Ila dagaa hawamsubiri mtu. Biashara ya Hellen inaanza kabla jua halijatoka, na mwenzake aliyemshikia meza alikuwa amechoka kuishika. Mtu wa kukaa na mimi mchana alihitajika. Nani mwingine zaidi ya mama? Nikampigia simu mwenyewe, kwa furaha kabisa, na kesho yake akapanda gari kutoka Magu.

Sisi Wasukuma mama tunamwita mayu. Mayu wangu, Wilhelmina, kwao Magu ni mtu mwenye jina. Si kwa mali. Ni kwa mikono. Mwanamke akijifungua, hata kama amejifungulia hospitali na ameshonwa na daktari mwenye miwani, Wilhelmina anaitwa aje amfunge. Ana kitambaa chake cha amerikani, kirefu, kilichokuwa cheupe zamani, sasa kina rangi ya chai ya maziwa. Anakizungusha tumboni kwa mzazi, anaweka goti, anavuta, anakunja, anachomeka ncha, na mwanamke anatoka pale amesimama wima kama msichana. Wanawake wa kijiji kizima wamepita mikononi mwake. Hakuna aliyewahi kulegea tumbo, anasema, na kwa kweli sijawahi kumsikia mtu akimbishia.

Alipofika alinivua shati kabla hajanywa maji. Akautazama mshono unaoanzia chini ya titi, unapita kwapani, unaishia mgongoni. Akaugusa kwa kidole kimoja.

"Wamekupasua kama mbuzi," akasema. "Halafu hawakukufunga."

"Wameshona, Mayu."

"Kushona si kufunga. Watu wa Dar kila kitu halaka halaka."

Akafungua mkoba wake, kile kitambaa kikatoka.

Hellen alikuwa amesimama mlangoni na beseni la dagaa mkononi. Akasema kwa adabu yote ya mkwe, "Mama, daktari alisema lazima akohoe. Kifua kikibanwa atakohoaje?"

"Binti yangu, huyo daktali alisema asifungwe?"

Hellen akafikiri. Si mtu wa kusema uongo. "Hapana. Hakusema hivyo."

Na kweli hakuna aliyesema. Nani angewaza kumkataza mwanaume wa makamo asifungwe kama mzazi? Daktari Odeta alitukataza sigara, moshi wa kuni, kubeba ndoo, kulala kutwa. Mikono ya Wilhelmina wa Magu haikuwa kwenye elimu yake.

"Na wao si walimpa mto wa kujibana?" Mayu akauliza. "Amenieleza mwenyewe kwenye simu. Mto ni wa watu wasiojua kufunga."

Ukilitazama neno hilo halina kasoro. Hata mimi, niliyefundishwa ule mto na yule binti, nililiona lina akili. Mto unaubana wakati wa kukohoa, kisha unauachia ili upumue. Kitambaa hakiachii. Tofauti ni hiyo tu, ndogo kama ukucha.

Akanifunga. Akaweka goti lake kwenye kiuno changu, akavuta, na niseme ukweli, maumivu yaliondoka. Yaliondoka yote. Mbavu zilizokuwa zinasagana kila nikigeuka zikatulia. Niliweza kulala chali. Niliweza kuinua kikombe. Tangu Dar sikuwahi kupata raha kama ile, na nilimshika Mayu mkono nikambusu kiganja, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawalifanyi.

Hellen akaenda kazini.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi anakandwa mzazi, anafungwa mzazi, analetewa uji wa pilipili manga na supu ya sato. Kikohozi kikija Mayu ananiwekea kiganja mdomoni. "Kimeze, mwanangu. Usijipasue." Nikawa nakimeza. Kile kidude cha vigololi alikiona mchezo wa watoto, akakiweka juu ya kabati. Hellen akirudi jioni ananifungulia na kunikohoza, lakini kufikia jioni kohozi lilikuwa limeshakuwa gundi, na mimi nilikuwa mwoga, na Mayu alikuwa anasimama pembeni akiguna kwa uchungu kila nikiguna.

Siku moja Pankaj akaja kunitazama, amebeba mananasi. Yeye amezaliwa Mwanza kama baba yake, Kisukuma anakijua kuliko vijana wetu. "Mwangaluka, mayu," akamsalimia mama, akajibiwa kwa shangwe. Kisha akaniona nimekaa kitandani nimefungwa kuanzia kwapa mpaka kitovu, bakuli la uji mkononi.

"Eh! Hongera," akasema. "Wa kike au wa kiume?"

"Pankaj, usinichekeshe."

"Gereji nzima inauliza, mzazi hajambo? Nikawaambia hajambo, ila mtoto anafanana na kompresa."

Mayu alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka, cheko la juujuu, la kooni tu, maana kifuani halikuwa na mahali pa kupita. Pankaj akaacha kucheka kabla yetu. Akanitazama midomo.

"Chenge," akasema, "mbona una rangi ya samaki wa jana?"

Homa ilianza jioni ile. Mayu alisema ni homa ya kidonda kukauka, wazazi wote huipata. Akaniongezea mzunguko mmoja wa kitambaa. Asubuhi nilikohoa bila kutaka, na kilichotoka kilinuka hata Hellen akaenda kufungua dirisha. Hakumuuliza Mayu wala mimi. Aliniangalia, akachukua kisu cha kuparia samaki, akakata fundo la kitambaa, akatoka nje kutafuta gari.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu.

Hospitalini Mwanza walipiga picha ya kifua. Daktari wa zamu, kijana mtaratibu aitwaye Pius, aliiweka kwenye mwanga. Upande wa kulia, ule ambao Dar ulikuwa mweusi vizuri wenye hewa, ulikuwa mweupe wote. Wakaingiza kamera kooni kwangu. Wakafyonza usaha mpaka chupa ikajaa. Wakampigia simu Daktari Odeta, na alisafiri kuja mwenyewe. Siku aliyoingia wodini hakunisalimu kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha, akasimama pale akiwa ametupa mgongo.

Aliporudi kitandani aliinua shuka anipime. Ngozi yangu ilikuwa bado na mifereji ya kile kitambaa, imepita mbavuni kama alama za kamba kwenye pembe za ng'ombe wa kukokota.

"Hii ni nini?" akauliza.

Mayu alikuwa amekaa kwenye kiti upande wa ukutani, mkoba mapajani, khanga imefika kwenye nyusi. Hellen alikuwa amesimama miguuni pangu.

"Chenge. Nani alikufunga?"

Nilimwona Hellen akifungua mdomo. Nikawahi. Nilikuwa na mpira wa oksijeni puani na pumzi ya kusema maneno machache tu.

"Mimi mwenyewe," nikasema. "Nilijifunga. Maumivu."

Daktari Odeta alinitazama, akatazama mgongo wangu, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu unaofika. Mjinga hakuwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilikutoa saratani yote. Yote, Chenge. Ulikuwa umepona." Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo madaktari hawalifanyi, akatueleza. Makohozi yalilala kwenye maungio kwa sababu kifua hakikuweza kutanuka. Yamechacha. Mshono umeachia. Sehemu za pafu alizozibakiza zimeoza na hazitarudi. Kwa mtu mwingine wangeliondoa. Kwangu mimi wakiliondoa nitafia mezani, na wakiliacha litanimaliza polepole. Watanipa dawa, na mashine ya oksijeni ya nyumbani, na bomba la kutolea usaha. "Hiki ndicho nilichonacho," akasema. Mayu alikuwa anatazama sakafu. Daktari aliongea Kiswahili cha haraka cha kidaktari, na nikajipa moyo kwamba hakikumfikia.

Hellen alinisubiri mpaka tulipobaki wawili.

"Kwa nini umesema ni wewe?"

"Ni mama yangu."

"Na mimi ni nani?" Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Nitakuwa mjane kwa sababu ya kitambaa, na hata kukisema nisikiseme?"

"Usimwambie, Hellen. Nakuomba. Atakufa."

"Wewe je? Wewe unafanya nini?"

Nilichokuwa nacho ni hicho tu. Pafu limekwenda, kazi imekwenda, kilichobaki mikononi mwangu cha kulinda ni mwanamke mmoja mzee asije akajua. Nililia, ila kulia nako kunataka pumzi, kwa hiyo nililia kidogo. Hellen aliniapia kwa hasira kwamba hatamwambia, na akatimiza. Kila asubuhi anapiga goti, "Shikamoo, mama," na Mayu anajibu, "Marahaba, binti yangu," na baada ya hapo hawaongei mpaka kesho. Nalala katikati ya ukimya huo na mashine yangu inayovuma kama kinu cha kusaga. Umeme ukikatika ndipo nasikia jinsi nyumba ilivyo kimya.

Mayu hakurudi Magu. Ananiosha, ananigeuza, anamwaga chupa ya usaha bila kukunja uso. Hakutaja tena kufunga. Nilidhani ni kwa sababu ya lile bomba ubavuni, kwamba ameona hapana nafasi ya kuzungusha. Nikashukuru Mungu. Nikajiambia, mzee ameona ugonjwa umerudi, basi, magonjwa hurudi.

Juzi simu yake ikalia. Alikuwa Suzana, mtoto wa ndugu yake, amejifungua mapacha kule Magu. Simu ya Mayu ina sauti ya juu, nilisikia kila neno. "Shangazi, njoo unifunge. Wengine sitaki. Nataka mkono wako."

Mayu akasema, "Siwezi."

"Mgonjwa tutamtafutia mtu wa kukaa naye, shangazi, hata siku moja tu."

"Mikono inauma, mwanangu."

"Basi tuma kile kitambaa, nitamwelekeza mtu."

Mayu akakata simu. Kisha akaenda jikoni kuchambua mchele, na mikono iliyodaiwa kuuma nikaiona ikienda kwenye ungo upesi kama zamani. Tangu nizaliwe sijawahi kusikia Wilhelmina akimkatalia mzazi. Alikwenda kumfunga mwanamke siku ya matanga ya baba yangu. Nikalala pale nikaanza kuelewa, na sikutaka kuelewa.

Leo mchana mvua ilinyesha kubwa, umeme ukakatika, mashine ikanyamaza. Hellen alikuwa Mwaloni. Kikohozi kikanishika, kile kibaya, kinachovuta kutoka chini bila kuleta kitu, na kila kikivuta mbavu zinafunguka kama mlango ulioachia bawaba. Mayu akakimbia kutoka jikoni. Nikawaza, kama anajua, basi nimwonyeshe kwamba sina neno naye. Na kama hajui, vilevile hakuna kilichobaki cha kuharibika. Na maumivu yenyewe yalikuwa makubwa. Nilikuwa nakitaka kile kitambaa kwa dhati.

"Mayu," nikasema. "Nifunge."

Akasimama.

"Nifunge. Kama siku ile. Nipumzike."

"Hakipo."

"Kiko wapi?"

Hakujibu. Macho yake yakaenda mlangoni, yakarudi haraka, lakini nilikuwa nimeshayafuata. Mlangoni palikuwa na tambara la deki, limewekwa kizingitini kuzuia maji ya mvua. Nimeliona tambara hilo tangu nitoke hospitali. Limepita mbele yangu kila asubuhi likifuta sakafu, limeanikwa kwenye kamba nje ya dirisha langu, nami nikalitazama bila kuliona. Lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Palikuwa na kipande kingine cha rangi hiyo chini ya mtungi, na kingine chini ya mguu wa meza. Alikuwa amekikatakata vipande vipande.

Alikuwa anajua tangu pale wodini. Alisikia kila neno la daktari, na alinisikia mimi nikisema uongo, akaupokea, akaubeba mpaka nyumbani, akaketi nao miezi yote hii ili mimi nisijue kwamba anajua. Tulikuwa tunalindana, wajinga wawili, na Hellen wa watu katikati amefungwa mdomo bure.

"Mayu," nikasema, "njoo basi unishike kwa mikono."

Akaja. Akapanda kitandani nyuma yangu, mifupa mitupu, akapitisha mikono yake chini ya kwapa zangu na kuikutanisha juu ya mshono. Mikono iliyofunga wanawake wa kijiji kizima. Ilikuwa imenigusa shati tu, bila kubana.

"Bana," nikasema.

"Hapana."

"Inauma. Bana, Mayu."

Akaweka paji la uso wake mgongoni pangu. Akachukua ule mto wa Dar uliokuwa umesahauliwa pembeni, akaupachika kifuani pangu, akaushikilia mahali pake hasa, kama yule binti wa mazoezi alivyokuwa akiushikilia. Sijui aliangalia lini, sijui Hellen alimwonyesha lini.

"Kohoa," akaniambia. "Kohoa, ng'wana wane. Kohoa, mwanangu, nimekushika."

Nikavuta pumzi nimfanyie alivyotaka. Ikafika kooni, ikaishia hapo. Nikavuta nyingine. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, na Mayu alikuwa amenikumbatia, anangoja asikie kikohozi changu, na alikuwa bado ananiambia nikohoe.